Joto la Kitalu Nyumba: Istilahi Zinazohitajiwa na Mkulima wa Songwe

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzungumzia istilahi za jambo moja dogo la kilimo, yaani namna ya kuondoa joto linalozidi ndani ya jengo la kuoteshea mimea. Huenda msomaji akajiuliza jambo hilo lina uhusiano gani na kazi ya Baraza la lugha. Itakumbukwa kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mojawapo ya majukumu lililokabidhiwa ni kushirikiana na vyombo vingine katika kusanifu istilahi. Istilahi haikamiliki siku inapochapishwa. Hukamilika siku inapomfikia mtu mwenye kazi ya kufanya, akaielewa na kuitenda sawasawa.

Mfano wetu tumeutwaa katika Mkoa wa Songwe, na hasa mji wa Tunduma. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Tunduma uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, mkabala na mji wa Nakonde. Hupitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam na pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwa sababu hiyo bidhaa za kilimo cha kisasa, kama vile nailoni za kuezekea, nyavu, feni na mipira ya kumwagilia kwa matone, hupatikana huko pamoja na maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha za kigeni. Anayeyafasiri aghalabu ni mwenye duka, bwana shamba au mwalimu wa shule ya jirani, naye hulazimika kufasiri papo hapo, mnunuzi akiwa amesimama mbele yake.

Mwandishi wa makala haya alipata kuonyeshwa karatasi moja ya maelekezo ya namna hiyo. Sentensi yake ya tatu ilisomeka: “Hakikisha kuna uingizaji hewa wa kutosha wakati wote.” Mkulima aliyepewa karatasi hiyo aliitii kwa uaminifu. Alifungua mlango wa kitalu, akaweka feni karibu nao ili hewa iingie, na paa akaliacha limefungwa kama lilivyokuwa. Katika mwezi wa Oktoba maua ya nyanya zake yalipukutika karibu yote. Maji aliyatia, mbolea aliitia, na hewa aliiingiza kama alivyoagizwa. Ila hakuna mahali palipomwambia kwamba hewa ya moto ilipaswa kutoka. Kosa hilo si la mkulima, wala si la mche. Ni kosa la istilahi, na ndilo lililotusukuma kuandika.

2. Jina la jengo lenyewe

Jengo linalozungumziwa hujengwa kwa miti au mabomba ya chuma, likaezekwa nailoni angavu, na pande zake zikawekwa wavu wa kuzuia wadudu. Majina yake katika Kiswahili yamekuwa mengi: nyumba ya kijani, banda kitalu, nyumba kitalu na kitalu nyumba. Jina la kwanza ni tafsiri ya neno kwa neno, nalo humpotosha msomaji, kwa kuwa jengo lenyewe si la kijani. Katika programu za serikali za kuwafunza vijana kilimo hiki, jina lililotumika zaidi ni kitalu nyumba.

Wako wanaopinga jina hilo kwa hoja kwamba kitalu ni mahali pa kuoteshea miche tu, ilhali nyanya na pilipili hoho huzaa na kuvunwa humo humo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika maandishi ya serikali na vinywani mwa wakulima haifai kubadilishwa bila ya sababu kubwa. Katika makala haya tutatumia kitalu nyumba, wingi wake vitalu nyumba.

3. Joto na halijoto

Katika mazungumzo ya kila siku neno joto hubeba maana mbili. Tunasema “joto limezidi” tukimaanisha kwamba kipimo kimepanda, na tunasema pia “jiko hili linatoa joto” tukimaanisha nishati inayotoka katika jiko. Mazungumzo ya kawaida hayaharibiki kwa mchanganyiko huo. Maelekezo ya kazi huharibika.

Joto ni nishati, nayo hupimwa kwa juli. Halijoto ni hali ya kitu kuwa moto au baridi, nayo hupimwa kwa nyuzi za Selsiasi. Vitabu vingine hutumia neno jotoridi kwa maana hiyo hiyo ya halijoto. Kijiko kimoja cha maji yanayochemka kina halijoto kubwa kuliko pipa zima la maji ya vuguvugu, lakini pipa lina joto jingi zaidi. Mkulima hutazama halijoto katika kipimajoto, ila kinachomlazimu kukiondoa ni joto. Akiyatenganisha mambo haya mawili ataelewa kwa nini kitalu kikubwa chenye nyuzi 35 humpa kazi kubwa zaidi kuliko chumba kidogo chenye nyuzi hizo hizo.

Tutoe hesabu ya kukadiria. Saa sita ya mchana penye anga safi, jua hutua juu ya kila mita ya mraba kwa nguvu ya wati 1,000 hivi. Kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 kina eneo la mita za mraba 120. Paa lake basi hupokea wati 120,000, sawa na majiko 60 ya umeme ya wati 2,000 kila moja. Sehemu ya nguvu hiyo hurudishwa na nailoni, na sehemu hutumika kuvukiza maji ya majani. Sehemu inayobaki huipasha hewa iliyomo ndani.

Ikumbukwe pia kwamba kipimajoto kinachoning’inizwa juani hupima miale inayokipiga chenyewe, hakipimi hewa. Hakina budi kutundikwa kivulini, kwenye kimo cha mimea, mbali na nailoni.

4. Kwa nini joto halitoki

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, myuko na mnunurisho. Mpitisho ni kusafiri kwa joto ndani ya kitu kigumu, kama mwiko wa chuma ulioachwa ndani ya sufuria. Myuko ni kusafiri kwa joto pamoja na hewa au maji yanayopanda. Mnunurisho, ambao wengine huuandika mnururisho, ni kusafiri kwa joto kama miale, jinsi jua linavyotufikia.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba nyumba ya kioo hupata joto kwa kuwa kioo huruhusu miale ya jua kuingia na kuzuia mnunurisho wa ndani usitoke. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, R. W. Wood, alilipima jambo hilo. Alitengeneza masanduku mawili, moja akalifunika kioo, la pili akalifunika bamba la chumvi mawe, ambayo huruhusu mnunurisho wa joto kupita. Alipohakikisha kwamba mwanga wa jua unaoyafikia yote mawili umepita kwanza katika kioo, tofauti ya halijoto baina yao haikufika nyuzi moja. Sababu kubwa ya joto basi ilikuwa kwamba hewa iliyopashwa moto imefungiwa, haiwezi kupanda na kwenda zake. Nailoni nayo yashuhudia jambo hili: nailoni nyembamba ya kawaida huachia sehemu kubwa ya mnunurisho wa joto kupita, na hata hivyo kitalu huwa tanuri adhuhuri.

Hapa wafasiri wana funzo la ziada. Gesi zinazoongeza joto la dunia hufanya kazi kwa kunasa mnunurisho, wala hazizuii myuko. Kwa hiyo Kiswahili kilifanya vyema kuziita gesijoto badala ya kuzifasiri kama gesi za nyumba ya kijani. Jina hilo la pili lingemfanya mwanafunzi aamini kwamba anga na kitalu ni jambo moja.

5. Kubadilisha hewa si kuzungusha hewa

Sasa turejee katika ile karatasi ya maelekezo. Dhana iliyokusudiwa ilikuwa na sehemu mbili: hewa baridi iingie na hewa ya moto itoke. Istilahi “uingizaji hewa” hutaja nusu ya kwanza peke yake. Tunapendekeza ubadilishaji hewa, kwa kuwa mtu akiambiwa abadilishe kitu hujua mara moja kwamba kuna cha kutoa na cha kupokea.

Istilahi hiyo itenganishwe na mzunguko wa hewa. Feni inayozunguka ndani ya kitalu kilichofungwa huichanganya hewa, hukausha umande wa majani na kusawazisha halijoto ya pembe zote. Kazi hizo ni njema, lakini joto lililomo halipungui hata kidogo. Kinyume chake, mota ya feni huongeza lake. Feni itakayobadilisha hewa ni ile iliyowekwa ukutani na kuitoa hewa nje, huku upande wa pili pakiwa na nafasi ya hewa nyingine kuingilia.

Mkulima asiye na umeme anaweza kutegemea myuko. Hewa ikipanda kwa nyuzi 10 hutanuka kwa asilimia 3 hivi, ikawa nyepesi na kutafuta njia ya juu. Ikipata tundu la paa itatoka, na kwa kutoka kwake itavuta hewa nyingine kwa chini. Jambo hili Kiswahili hakihitaji kulikopea jina. Tunalo neno dohani, lenye maana ya bomba la kutolea moshi, na dohani hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Tunapendekeza mvuto wa dohani. Kadiri tundu la juu linavyokuwa mbali na la chini, ndivyo mvuto unavyozidi. Ndiyo sababu kitalu kirefu kwenda juu hupoa kuliko kifupi. Kama kipimo cha kuanzia, jumla ya nafasi zilizo wazi, za paa na za ubavuni, isipungue sehemu moja ya tano ya eneo la sakafu. Kwa kitalu chetu cha mita za mraba 120, hizo ni mita za mraba 24. Wavu wa wadudu wenye matundu madogo sana huipunguza hewa inayopita, hivyo penye wavu huo nafasi iongezwe.

Upepo nao una istilahi zake. Tundu la paa hufaa lifunguliwe upande unaokoelekea upepo, ili upepo uinyonye hewa ya ndani badala ya kuisukuma irudi. Mabaharia wa pwani wanayo maneno kwa pande hizi mbili: joshi ni upande utokako upepo, na demani ni upande wa pili. Maneno hayo yamelala katika kamusi yakingoja kazi. Hatuoni kwa nini bwana shamba wa Tunduma, palipo mbali na bahari, asimwambie mkulima: “Tundu la juu lielekeze demani.” Neno la chombo cha baharini likipata kazi katika nyanda za juu, lugha yote imefaidika.

6. Kivuli

Njia ya pili ni kulipunguza joto kabla halijaingia. Wakulima wa kahawa wa Mbozi wanaijua kwa muda mrefu. Miche yao hukuzwa chini ya chanja, yaani dari nyepesi ya miti na nyasi, na nyasi hizo hupunguzwa kidogo kidogo kadiri siku ya kuatika inavyokaribia, ili miche izoee jua. Neno chanja, pamoja na maneno kusia, kuatika na kuzoesha miche, yatosha kwa sehemu kubwa ya somo hili.

Badala ya nyasi, kitalu nyumba hutumia wavu wa kivuli. Wavu huu huuzwa kwa asilimia, na hapa mfasiri awe mwangalifu. “Asilimia 40” ni kiasi cha mwanga unaozuiwa, wala si kiasi kinachopita. Maelekezo yasiyosema hivyo waziwazi yatamfanya mnunuzi achague wavu kinyume cha haja yake, na nyanya zilizokosa mwanga hurefuka bila ya kuzaa.

Iko pia tofauti ya kivuli cha nje na kivuli cha ndani. Wavu uliotandazwa juu ya paa hupokea joto ukiwa nje, na upepo hulichukua. Wavu uliofungwa ndani hupokea joto lile lile likiwa limekwisha ingia, ukalitoa humo humo. Asiyemudu wavu hupaka chokaa nyepesi juu ya nailoni. Katika Songwe halijoto hupanda zaidi Septemba hadi Novemba, kabla ya masika kukolea. Chokaa iliyopakwa Septemba huoshwa na mvua zinapoanza, ambapo mawingu nayo huja, na mimea huhitaji mwanga wote unaopatikana.

7. Kupoza kwa mvukizo

Kila nyumba yenye mtungi inayo mashine ya kupozea. Maji hupenya katika udongo wa mtungi, yakavukizwa na hewa, na katika kuvukizwa hulichukua joto la maji yaliyobaki. Kilo moja ya maji ikivukizwa katika halijoto ya kawaida huchukua kilojuli 2,400 na ushei. Kuipasha kilo hiyo moto kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 hivi tu. Mvukizo basi ni mchukuzi mkubwa wa joto, na mimea yenyewe huutumia kwa majani yake. Mmea wenye kiu hufunga vinyweleo vyake, jani likawa moto kuliko hewa. Kwa hiyo kumwagilia vizuri ni sehemu ya kupoza.

Lakini mvukizo una mpaka, nao ni unyevu uliokwisha kuwamo hewani. Neno unyevu peke yake halitoshi, kwa kuwa udongo nao una unyevu. Tunapendekeza unyevu linganishi kwa maana ya kiasi cha mvuke kilichomo hewani, kikilinganishwa na kiasi kikubwa kabisa ambacho hewa ya halijoto hiyo ingeweza kubeba. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu linganishi wa asilimia 30 yaweza kupozwa kwa mvukizo hadi karibu na nyuzi 18. Hewa ya nyuzi hizo hizo yenye asilimia 80 haishuki chini ya nyuzi 27 hivi. Mkulima wa Tunduma atafaidika na njia hii Oktoba, hewa ikiwa kavu. Januari, mvua zikinyesha, itamletea magonjwa.

Hapo ndipo penye hatari nyingine ya lugha. Neno ukungu lina maana ya matone madogo mno yanayoelea hewani, na pia maana ya ugonjwa unaoota juu ya majani na matunda. Sentensi “tumia ukungu kupunguza joto” na sentensi “zuia ukungu kitaluni” zaweza kukutana katika ukurasa mmoja. Inafaa matone yanayonyunyizwa yaitwe manyunyu laini, na ugonjwa uitwe kuvu. Neno ukungu liachiwe hali ya hewa ya asubuhi, ambayo watu wa nyanda hizi wanaijua vyema.

8. Chumba cha taa

Miche huweza pia kukuzwa katika chumba kilichozibwa, kwa mwanga wa taa, hasa inayozalishwa kwa tishu. Humo kanuni ni nyepesi kuielewa: karibu umeme wote unaoingia katika taa huishia kuwa joto la chumba, ule unaotoka kama mwanga ukiwemo. Taa 10 za wati 600 ni sawa na majiko 3 ya wati 2,000 yaliyowashwa mfululizo. Asiye na kiyoyozi huziwasha usiku na kuzizima mchana, ili hewa baridi ya usiku imsaidie. Kwa mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama Tunduma, hiyo ni msaada mkubwa. Kwa vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa, vilivyo karibu na mita 800, msaada huo ni mdogo.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Halijoto: hali ya kitu kuwa moto au baridi, ipimwayo kwa nyuzi.
Joto: nishati ipimwayo kwa juli.
Ubadilishaji hewa: kutoa hewa ya ndani na kuingiza ya nje.
Mzunguko wa hewa: mwendo wa hewa humo ndani, bila ya kutoka.
Mvuto wa dohani: mwendo wa hewa unaotokana na hewa ya moto kupanda na kutokea juu.
Joshi: upande utokako upepo.
Demani: upande uelekeako upepo.
Wavu wa kivuli: wavu unaozuia sehemu ya mwanga, kwa asilimia iliyotajwa.
Unyevu linganishi: mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na upeo wake.
Manyunyu laini: matone madogo yanayonyunyizwa ili kupoza hewa.

10. Hitimisho

Orodha hii si amri. Baadhi ya maneno yake yamekwisha kuzoeleka, mengine tumeyatoa mahali yalipokuwa yamelala, na mengine ni mapendekezo yanayongoja kujaribiwa. Tunawaomba walimu wayajaribu darasani, mabwana na mabibi shamba wayajaribu vitaluni, na wafasiri wayajaribu katika maelekezo ya bidhaa, kisha waliandikie Baraza yapi yameeleweka na yapi yameshindwa. Kipimo ni rahisi. Mpeni mkulima sentensi moja yenye istilahi hizi, msimweleze zaidi, halafu mtazame mkono wake unakwenda wapi. Ukienda kufungua paa, istilahi imefaa.